Kabla hujarenda video ya kuba
Kazi yangu ya kwanza ya planetariamu, ukumbi wa kuba ambamo anga huonyeshwa juu ya vichwa vya watu, ilikuwa video ya sekunde 40: kamera inakatiza kwenye pete za Zohali. Kwenye kompyuta ilipendeza mno. Ndani ya kuba la kupuliza hewa, watoto wa nyuma walifumba macho, na mwalimu wao akatoka nje akishika tumbo. Sikujua kwamba picha ikikuzunguka pande zote, mwili unaamini ni wewe unayekwenda. Kwa hiyo, ndugu yangu, mwendo unaouona wa kawaida kwenye kompyuta upunguze mpaka ukuchoshe, kisha upunguze tena. Kukata picha ghafla nako kuwe kwa nadra, fifiza taratibu.

Fremu ya kuba, yaani kila picha moja ya video, ni mraba wenye duara ndani. Katikati ya duara ni utosini mwa kuba, ukingo ni upeo wa macho. Wageni huweka jambo muhimu katikati, watu wanatoka wakisugua shingo. Liweke mbele, kama theluthi ya njia kutoka ukingoni. Na weupe mwingi uogope: mwanga wa upande huu hudundia upande wa pili, anga jeusi likawa kijivu.

Blender, programu ya kutengeneza picha za 3D, ni ya bure, na Cycles, sehemu yake ya kurenda, ina kamera ya jicho la samaki, inayoona upana mkubwa mno. Chagua inayogawa digrii sawasawa toka katikati hadi ukingoni, uipe digrii 180. Halafu piga hesabu ya muda wa kurenda, yaani wa kompyuta kuchora kila fremu. Kwa fremu 30 kwa sekunde, dakika moja ni fremu 1,800. Fremu ya pikseli 4,096 kwa 4,096 ikila dakika mbili, hiyo dakika moja ya onyesho imekula saa 60! Jaribu kwanza kwa pikseli 1,024. Toa picha mojamoja za PNG, usitoe video nzima. Umeme ukikatika kwenye fremu ya 1,240, unaendelea palepale.

Anga nalo liwe la unakoonyesha. Niliwahi kuiga somo lililotengenezwa Ulaya, Nyota ya Kaskazini ikining'inia juu. Dar es Salaam, digrii karibu 7 kusini mwa ikweta, nyota hiyo haionekani, na nyota za mashariki hupanda karibu wima. Siku hizi naweka mji kwenye Stellarium, programu inayoonyesha anga la mahali popote, na kulinganisha kwanza. Aliyenifundisha ni bibi mmoja mkulima, aliyekuja na wajukuu. Alitazama Kilimia changu, lile kundi la nyota, kikipanda mshazari, akaniuliza, "Mjukuu wangu, hicho Kilimia cha wapi?"