Baba aliandika wosia, lakini haukunifaa kitu

Ijumaa iliyopita tulipata hati ya mahakama ya kuthibitisha mgao wa mali ya baba. Ni miaka sita tangu tumzike. Vyumba vinane vya kupangisha kule Kasarani vimegawiwa watoto wanne, kila mtu viwili vyake. Wenzangu walienda kula nyama. Mimi nilipanda matatu nikarudi nyumbani, nikakaa sebuleni bila kuwasha taa.

Miaka mitatu baba akisafishwa damu, mara mbili kwa wiki, aliyemsindikiza ni mimi. Bima ilipogota, mshahara uliomalizia ni wangu. Sisemi ili nisifiwe. (Labda kidogo.) Mzee aliona. Usiku mmoja akachukua daftari, akaandika kwa ule mwandiko wake wa ualimu kwamba vyumba vinne vya chini ni vyangu. Akatia sahihi, kisha akamwita mpangaji wa chumba cha kwanza atie yake kama shahidi. Shahidi mmoja.

Sheria ya Mirathi ya Kenya, Sura ya 160, inataka wawili au zaidi. Basi karatasi ya baba ikawa barua tu ya mzee kwa bintiye, na mali ikagawanywa kana kwamba hakuandika neno. Mama alikuwa ametangulia, kwa hiyo watoto tukawa sawa, tulioolewa na wasiooa. Ndugu zangu walijua fika mzee alitaka nini. Kaka mkubwa alinitazama akasema, "Dada, sheria ni sheria."

Sawa.

Habari za barua ya chifu, tangazo kwenye Gazeti Rasmi, siku 30 za kungoja pingamizi, na baba mdogo aliyezuka na madai yake, naziruka. Nikizianza tutakesha.

Wewe unayejenga Ruai au Kitengela kwa mkopo wa sako, ukidhani wanao watapendana ukiondoka, andika. Wakili anasaidia ila si lazima. Tafuta mashahidi wawili wakuone ukitia sahihi, wasiwe watu unaowaachia kitu, kwa sababu mrithi akishuhudia anaweza kupoteza alichoachiwa. Usitegemee maneno ya kitandani: wosia wa mdomo nao unataka mashahidi wawili, na ukiishi zaidi ya miezi mitatu baada ya kuusema, umekwisha nguvu. Ukioa au kuolewa baada ya kuandika, andika upya. Waislamu mna utaratibu wenu, muulizeni Kadhi. Halafu orodhesha mali yako, nambari za ploti, sako, hisa, hata madeni, na useme hati ziko wapi. Sisi tulipekua nyumba nzima tukakuta hatimiliki chini ya godoro. Na mashahidi wawili! Watu wanaogopa wosia kama utawaita mauti, ilhali mochari imejaa watu ambao hawakuandika chochote.

Mimi niliandika wangu Jumamosi. Nilipowaita wenzangu wawili wa chama waje kushuhudia, mmoja aliuliza mlangoni, "Kwani unaumwa?" Nikamwambia siumwi, akakubali chai ndipo akatia sahihi.

Jana kaka mkubwa alipata habari, akanipigia simu kuuliza kama nimemtaja. Nilimjibu kwamba karatasi iko kwa wakili, na ina mashahidi wawili.