Usinunue hisa ya pili kabla ya kujua fedha ya treni itatoka wapi

Mpango wako wa kununua hisa mbili katika kila kampuni utakufilisi mezani, ndugu yangu wa Kisumu. Umeuliza ni upi kati ya michezo ya ubaoni ya kampuni za reli, inayoitwa kwa miaka, wewe na wenzako mnunue kwanza: 1830 wa kaskazini-mashariki mwa Marekani, 1846 wa katikati-magharibi mwa nchi hiyo au 1889 wa kisiwa cha Shikoku huko Japani, mchezo mmoja huchukua saa ngapi, na kama watu watatu wanatosha. Lakini katikati ya maswali hayo umeandika, kana kwamba ni jambo dogo, kuwa utanunua hisa mbili katika kila kampuni ili gawio liingie kutoka kila upande bila kusumbuka na uenyekiti. Nilicheza hivyohivyo hapa Nakuru, kwa ushauri wa mtu niliyemwamini, nikajikuta mwenyekiti wa kampuni isiyo na treni wala senti.

Katika 1830 kila kampuni ina cheti cha mwenyekiti chenye asilimia 20, na vyeti vinane vya asilimia 10. Anayeshika hisa nyingi kuliko wengine ndiye mwenyekiti. Akiuza hisa zake hadi mwingine akamzidi, uenyekiti humwangukia huyo mwingine papo hapo, apende asipende, mradi tu awe na asilimia 20 au zaidi. Soma sharti hilo la mwisho tena. Mwenye hisa moja hawezi kutwishwa kampuni ya mtu. Mwenye hisa mbili anaweza, na hisa mbili ndizo unazopanga kununua kila mahali.

Mezani kwetu mwenyekiti alikuwa na asilimia 50 ya kampuni niliyokuja kutwishwa, mimi 20, wenzetu wawili kumi kumi, na hisa moja ilikuwa bado haijanunuliwa. Alianza kwa kuiuzia kampuni hiyo reli yake binafsi ya Camden & Amboy, ambayo bei yake iliyoandikwa ni dola 160, kwa dola 320, kwa kuwa kanuni zinaruhusu hadi mara mbili. Fedha ya kampuni ikahamia mfukoni mwake na mimi sikushtuka, kwa sababu gawio lilikuwa bado linakuja. Baadaye, katika raundi ya mwisho ya uendeshaji, yaani ya kuendesha treni na kulipa gawio, kabla ya raundi ya hisa, ya wachezaji kununua na kuuza hisa, kampuni hiyo ilitangulia kufanya kazi, kwani zamu hufuata bei ya hisa na yenye bei ya juu huanza. Ikalipa gawio lote bila kubakiza chochote katika hazina. Zamu ilipofika kwa kampuni yake ya pili, iliyokuwa na bei ya chini, ikazinunua treni zote mbili za ile ya kwanza kwa dola moja kila moja. Hakuna kanuni iliyovunjwa. Raundi ya hisa ilipofunguliwa, alisubiri hadi nilipomaliza kununua na kubaki na sarafu chache, ndipo akauza hisa nne kwa mkupuo. Bei ikashuka hatua nne, nami nikakabidhiwa cheti cha mwenyekiti.

Kampuni yenye njia ya kupita ubaoni lazima iwe na treni, na hazina ikikosa fedha, mwenyekiti hulipa kutoka mfukoni mwake. Wakati huo treni iliyokuwa ikiuzwa benki ilikuwa ya daraja la 5, dola 450. Ilinibidi niuze hisa za kampuni yangu njema, ambayo nilikuwa nimeijenga tangu mwanzo, na kila hisa niliyouza iliishusha bei ya zile nilizobaki nazo. Sikuweza kumrudishia mwenzangu mzigo wake, kwa sababu alikuwa amejibakizia hisa moja tu, na hakuna mwingine aliyekuwa na mbili. Alijua kwa nini alibakiza moja.

Linaloniuma hadi leo ni kwamba mtu huyo ndiye aliyenifundisha mchezo. Jioni ileile, akinieleza kanuni, aliniambia kwamba hisa ni hisa, kwamba mgeni achukue mbili mbili kila mahali apate gawio bila kazi. Kanuni ya kutwishwa uenyekiti aliipitia kwa sentensi moja, na ile ya mfuko wa mwenyekiti hakuitaja kabisa hadi siku ilipomfaa. Kumshinda mgeni si kosa, na ujanja wote huo ni halali. Lakini anayekubali kuwa mwalimu amekubali kwanza kueleza mahali pa hatari, na asiyetaka kueleza aseme tangu mwanzo kwamba amekuja kushindana.

Usidhani pia kwamba ni dosari ya mchezo. Francis Tresham, aliyeubuni, na kampuni ya Avalon Hill iliyouchapisha mwaka 1986, waliupa jina dogo linalowataja matajiri waporaji wa reli, na historia inawaunga mkono: Daniel Drew alikuwa mkurugenzi wa reli ya Erie huku akifanya biashara ya kuziangusha hisa za reli hiyohiyo. Sisi tumekulia kando ya reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 kwa fedha ya serikali ya Uingereza, kwa hiyo tunaikalia meza tukiamini kwamba mwenye reli anataka ijengwe. Katika 1830 mwenye reli anaweza kuwa anataka tu kuikamua.

Kwa hiyo, kabla ya kununua hisa ya pili ya kampuni ya mtu mwingine, hesabu fedha iliyo katika hazina yake, tazama daraja la treni zake, kisha jiulize: nikikabidhiwa kampuni hii kesho, treni itakayofuata itanunuliwa kwa fedha ya nani? Treni za daraja la 2 hufutwa, yaani huondolewa mchezoni, treni ya kwanza ya daraja la 4 inaponunuliwa, za 3 hufutwa na ya kwanza ya 6, na za 4 hufutwa na ya kwanza ya dizeli. Kama jibu ni mfuko wako, baki na hisa moja. Hisa mbili zina usalama pale tu ambapo mtu mwingine, mbali na mwenyekiti, anakuzidi, maana yeye ndiye atakayeangukiwa. Na ukimwona mwenyekiti akiiuzia kampuni mali yake binafsi kwa bei maradufu, au akihamisha treni kwa dola moja, uza hisa yako moja raundi ya hisa inapofunguliwa, hata kwa hasara, kabla zamu yake haijafika. Kumbuka kwamba katika raundi ya kwanza kabisa ya hisa hakuna kuuza, kwa hiyo hisa ya pili utakayochukua hapo huwezi kuitoa upesi.

Kuhusu mchezo wa kununua, chukueni 1889. Ubao wake ni mdogo, kampuni ni saba, na bei za treni ni zilezile za 1830, hivyo hatari hii mtaikuta hukohuko mapema. Katika 1846 fedha ya hisa zinazouzwa na kampuni huingia katika hazina yake, na kampuni inaweza kutoa hisa zaidi ikibanwa, kwa hiyo uenyekiti wa kutwishwa hauumizi vilevile; lakini ukianzia huko utaizoea tabia hiyo ya hisa mbili mbili, na siku utakapoketi kwenye 1830 pamoja na watu wanaoijua, watakungoja umalize kununua.