TV ya chogo kwenye gari-nyumba: ya kujua kabla hujashika bisibisi

Magari-nyumba yanayofika Mwanza yakielekea Serengeti kupitia Lamadi na geti la Ndabaka, au yakizunguka ziwa kwenda Bukoba, mengi yana umri. Lililoundwa Marekani miaka ya 1990 mara nyingi lina TV ya chogo iliyozamishwa kwenye kabati juu ya dereva. Mwenye gari anataka itoke, ikae flati. Fundi anayeanza huona ni kazi ya saa moja, na kweli kutoa na kuweka hakuchukui muda. Ila flati mpya huuawa na volti ndani ya wiki chache, au huanguka kwa sababu ya kibao kilichoshikwa na skrubu mbili za mbao. Mambo hayo mawili ndiyo tutakayokaa nayo zaidi.

Anza na mita, bisibisi baadaye. Tafuta waya unaoilisha TV ya zamani, upime mara tatu: injini ikiwa imezimwa, injini ikinguruma kwa mzunguko wa juu kidogo, na gari likichajiwa kwa sola au umeme wa nje. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma karibu 12.7. Alternata, jenereta inayozungushwa na injini, ikifanya kazi unapata 14.2 hadi 14.4. Kontrola ya sola inayosawazisha seli za betri ya maji inaweza kuvuka 15. Usiku betri ikichoka utakuta 11.8, na pampu ya maji ikiwaka inazama zaidi kwa sekunde moja au mbili. Andika namba zote tatu kwenye karatasi, maana ndizo zitakazokuambia TV gani inunuliwe.

Sasa soma lebo ya nyuma ya TV mpya kabla mwenye gari hajalipa. Ikiwa imeandikwa "DC 12–24V" (DC ni umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri), imetengenezwa kwa magari na itavumilia. Ikiwa imeandikwa "DC 12V" peke yake na inakuja na adapta ya ukutani, imezoea volti 12 zilizotulia za adapta ile. Ukiifunga moja kwa moja kwenye betri itawaka vizuri siku hiyo, na mteja atakushukuru. Kisha itaishi na 14.4 kila safari, mpaka kapasita za ndani zichoke. Kuna pia flati ndogo zenye adapta ya volti 19 au 14. Hizo ukizipa 12 haziwaki kabisa, au zinawaka na kuzima, na fundi mpya hudhani amepewa mbovu.

Dawa ya TV ya "DC 12V" ni kidhibiti volti kinachoshusha na kupandisha, kile kinachopokea kwa mfano volti 9 hadi 36 na kutoa 12 bila kuyumba. Chagua cha ampea 5 au zaidi. Flati ya LED ya inchi 24 ya aina hii hula kati ya wati 25 na 40, yaani ampea mbili hadi tatu na kitu, na kidhibiti kisifanye kazi kwenye ukingo wa uwezo wake muda wote. Kile cha kushusha tu hakitoshi hapa, kwa sababu betri ikifika 11.8 hakina cha kushusha na TV inajizima katikati ya taarifa ya habari.

Gari lililogeuzwa nyumba hapa hapa nchini kutokana na Coaster au lori lina jambo lake. Mengi ya haya ni ya volti 24, betri mbili mfululizo, na chaji hufika 28. Usikisie kwa kuangalia muundo wa gari, pima. Ukishajua ni 24, usichukue volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili. Hilo ndilo kosa tunaloliona kuliko yote, na linauma kwa sababu linaharibu mali ya mtu polepole bila moshi wala harufu. Betri unayoifyonza inabaki na njaa. Mwenzake amejaa lakini alternata inaendelea kumlisha kwa sababu inaona jumla tu. Mmoja anakufa kwa kiu, mwingine anakaushwa maji kwa chaji kupita kiasi. Chukua ncha mbili za 24 kamili, pitisha kwenye kidhibiti, upate 12 yako.

Gari la Marekani lina mtego mwingine: soketi zake za ndani ni za volti 120, huku Tanzania ni 230. Kama TV mpya inatumia umeme wa soketi, lebo isome "100–240V". Ikisoma "220–240V" haitafanya kazi kwenye soketi ya gari hilo. Na usikubali kamwe kuchomeka gari la namna hiyo moja kwa moja kwenye umeme wa kambi ili ujaribu TV yako. TV inaweza kupona, lakini maikrowevu na chaja ya betri vya volti 120 vitakwenda. Iko haja ya transfoma ya kushusha, na hiyo iwe kazi ya kujadiliana na mwenye gari.

Wapo watakaokuambia weka inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa soketi, yaishe. Kwa TV ya inchi 32 na kuendelea huenda ikabidi, kwani nyingi hazina mlango wa DC. Kwa ndogo tunashauri uiepuke. Inveta hupoteza sehemu ya kumi au zaidi ya umeme ikifanya kazi, na ikiachwa imewashwa bure, nyingine hula karibu ampea moja. Ampea moja kwa saa 24 ni ampea-saa 24, kiasi kizito kwa betri ya ampea-saa 100.

Kuitoa ya chogo

Tenganisha hasi ya betri na uchomoe umeme wa nje. Fremu ya mbele mara nyingi imeshikwa na skrubu zilizofichwa chini ya vifuniko vya plastiki au zulia, au zilizofungwa kutoka ndani ya makabati ya pembeni. Ukivuta na haitoki, usilazimishe: kuna skrubu hujaiona. Nyuma kuna mkanda wa chuma unaobana TV kwenye sakafu ya kabati. Legeza huo mwisho kabisa, mwenzako akiwa ameshika mbele.

Tunasema mwenzako kwa makusudi. Ya inchi 20 ina uzito wa kilo 20 na zaidi, na uzito wenyewe uko mbele kwenye kioo. Ukiivuta kwa kuishika chogo, itakupindukia kifuani. Shika kioo kikiwa kimekuelekea, mikono chini ya pembe. Kasha lake usilifungue hata kama unataka spika: bomba la picha hufanya kazi kwa volti zinazopita 20,000 na hubaki na chaji baada ya kuzimwa, na shingo yake nyembamba ikivunjika kioo kinaweza kulipukia ndani. Kioo hicho pia kina risasi. Kisitupwe korongoni wala ufukweni. Kikae kizima mpaka kipelekwe kwa wanaokusanya taka za umeme.

Kabla hujafunika shimo, piga picha ya kila waya na uubandike karatasi yenye jina. Waya usiojulikana leo ni waya utakaokatwa kimakosa kesho.

Ukubwa unaoingia

Inchi zinadanganya, kwa sababu hupimwa kona kwa kona. TV ya chogo ya inchi 20 ina picha ya sentimita 40.6 kwa 30.5. Flati ya inchi 24 ina picha ya 53.1 kwa 29.9. Kimo ni karibu kilekile, upana umeongezeka kwa zaidi ya sentimita 12. Kwa hiyo pima upana kwanza, ukiongeza fremu ya TV na nafasi ya vidole pande zote. Ya inchi 32 ina picha yenye upana wa 70.8, na mara nyingi itafunika milango ya makabati ya jirani isifunguke.

Lile shimo la nyuma lenye kina cha karibu nusu mita usilipoteze. Ukifunga TV kwenye kibao chenye bawaba, linakuwa kabati, na kidhibiti, kisimbuzi na nyaya vinapata pa kukaa.

Kibao na skrubu

Ukuta wa ndani wa gari-nyumba mara nyingi ni plaiwudi ya milimita 3 iliyopambwa. Haishiki kitu. Tafuta fremu ya mbao au chuma kwa kugonga na kusikiliza, kisha toboa tundu dogo la kuhakikisha mahali patakapofunikwa. Kata plaiwudi ya milimita 18, ifunge kwenye fremu angalau sehemu nne, halafu bano la TV lifungwe kwenye plaiwudi hiyo kwa bolti za M6 (unene wa milimita 6) zinazotokeza nyuma, zenye wosha pana na nati za kujifunga zenye nailoni. Nati ya kawaida itafunguka. Barabara ya changarawe yenye matuta madogo mfululizo baada ya Ndabaka hufungua kila kinachoweza kufunguka.

Mkono mrefu wa kuzungusha TV unapendeza dukani, lakini kilo 4 kwenye ncha ya mkono wa sentimita 40 zinavuta ukuta kwa nguvu kila gari linaporuka. Chagua bano fupi, lenye pini ya kufungia wakati wa safari. Kama hakuna pini, weka mkanda.

Nyuma ya TV kuna matundu manne kwa mpangilio wa VESA, yaani vipimo vya pamoja vya matundu ya bano, kwa ndogo mara nyingi milimita 75 kwa 75 au 100 kwa 100, yenye uzi wa M4. Hapa flati nyingi hufia mikononi mwa fundi. Skrubu ndefu kupita kina cha tundu huenda ikasukuma bodi au mgongo wa kioo, na mstari mweusi hautoki tena. Chukua njiti ya kiberiti, iingize mpaka igote, weka alama kwa ukucha, pima. Tuseme tundu lina milimita 9, bamba la bano ni 2 na wosha ni 1. Skrubu ya milimita 12 itagota kabisa. Ya 10 inaingia 7, nayo inatosha. Kaza kwa mkono mpaka ikatae, ongeza robo mzunguko, basi.

Waya

TV iwe na laini yake kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi, isiungwe kwenye taa ya jirani. Kutoka kwenye betri hadi juu ya dereva chukulia mita 6, yaani mita 12 kwenda na kurudi. Kwa ampea 3, waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75 unapoteza karibu volti 0.9, wa 1.5 karibu 0.44, wa 2.5 karibu 0.27. Tumia wa 2.5. Fyuzi ya ampea 5 ikae karibu na betri, kwa sababu kazi yake ni kulinda waya. Ikiwekwa nyuma ya TV, mita 6 zote zinabaki bila ulinzi. Weka swichi kwenye chanya, maana TV iliyozimwa kwa rimoti bado inakula.

Plagi ya duara ya TV ni ya milimita 5.5 nje, ila tundu la ndani ni 2.1 au 2.5. Plagi ya 2.5 huonekana inaingia hata kwenye pini ya 2.1. Hapo inalegea, na gari likitikisika TV inazima. Angalia pia mchoro wa chanya na hasi kwenye lebo. Ukigeuza hata mara moja, hakuna wa kumlaumu.

Picha isipokuja

TV iliyonunuliwa Marekani ina tuna (kipokea matangazo) ya ATSC, mfumo wa kidijitali wa huko. Tanzania hutumia mfumo mwingine, DVB-T2. Itawaka, itatafuta, haitapata chochote. Itahitaji kisimbuzi kwenye HDMI, na visimbuzi vingi ni vya volti 12, hivyo navyo vipite kwenye kidhibiti kilekile baada ya kujumlisha ampea.

Antena za juu za magari mengi ya Marekani zina kikuza mawimbi kinachopata volti 12 kupitia waya wa antena wenyewe, kutoka kwenye kibamba cha ukutani chenye swichi na taa ndogo. Ukikitoa kibamba hicho kwa kudhani ni pambo, au ukiweka kigawanyo cha waya wa antena kisichopitisha umeme, antena inakufa. Mwanza penyewe ina vilima na miamba. Gari likiegeshwa nyuma ya mwamba, kulisogeza mita chache kunaweza kurudisha picha kabla hujafungua kitu.

Picha ikikatika vipande vya mraba wakati kidhibiti kimewashwa, lisha TV kwa betri ya pembeni isiyounganishwa na gari. Ikitulia, mkosaji ni kidhibiti cha bei rahisi kinachotoa kelele za umeme. Kiweke mbali na waya wa antena kwa sentimita 30 au zaidi, au kibadilishe.

Na TV ikigoma kila injini inapowaka, usikimbilie kukata-kata nyaya. Baadhi ya magari yana relei, swichi inayoendeshwa na umeme, inayoizima TV ya mbele ufunguo ukiwashwa, ili dereva asiitazame. Iache ifanye kazi yake.

Kabla ya kukabidhi, acha matundu ya hewa juu na chini ya kibao na uyazibe kwa wavu mwembamba, maana wadudu wadogo wa ziwani hufuata mwanga usiku kwa makundi na kujaa popote penye joto. Washa TV saa moja nzima, injini ikinguruma nusu ya muda huo, na upime tena volti kwenye plagi. Endesha gari kwenye changarawe kilomita kadhaa, kisha rudia kukaza bolti. Bandika ndani ya kabati karatasi yenye ukubwa wa fyuzi na mahali ilipo, na fyuzi mbili za akiba pembeni yake.