Treni za reli nyepesi: kwa nini zikifika hazianzi kazi mara moja, na Nakuru ingehitaji za aina gani

SWALI: Hujambo mhandisi. Nasomea ufundi wa umeme hapa Nakuru. Nimesoma kwamba mji wa Newcastle, Uingereza, uliagiza treni mpya 46 za Class 555 kwa reli yake ya mjini. Ya kwanza ilifika Februari 2023, lakini abiria hawakupanda hadi Desemba 2024. Treni mpya hukawia nini muda wote huo? Je, treni kama hizo zinaweza kutumia reli yetu ya zamani, tuseme kutoka Lanet kupitia mjini hadi Njoro? Na zikiletwa, zingehitajika ngapi? (Msomaji, Lanet)

JIBU: Nianze na swali lako la katikati, maana hilo likijibiwa la kwanza linaeleweka vizuri zaidi. Class 555 kama ilivyo haiwezi kupita kwenye reli yetu ya zamani. Newcastle hutumia geji (upana kati ya reli mbili) ya milimita 1,435, sawa na SGR. Reli inayopita Nakuru kwenda Kisumu na Malaba ni ya geji ya mita moja, yaani milimita 1,000. Wengi hudhani dawa ni kubadilisha magurudumu tu. Ukiinama ukatazama bogi (fremu yenye magurudumu iliyo chini ya behewa) kwa chini utaona tatizo lilipo: kwenye geji ya 1,435 kuna nafasi ya takriban mita 1.36 kati ya gurudumu na gurudumu, na humo ndimo hupangwa mota, giaboksi na diski za breki. Kwenye geji ya mita nafasi hiyo haifiki hata mita 0.95. Mota iliyokaa vizuri kule haiingii hapa. Basi bogi huchorwa upya, na bogi ikichorwa upya, hesabu za uzito, breki na mtikisiko nazo huanza upya. Treni za dizeli zilizonunuliwa mwaka wa 2020 kwa ajili ya Nairobi, baada ya kutumika kisiwani Mallorca, Uhispania, ziliwezekana kwa sababu hata huko reli ni ya mita moja.

Geji hata hivyo ni tatizo ambalo pesa hulimaliza: watengenezaji wa treni za geji ya mita wapo. Swali zito zaidi ni kama treni hizo zitatumia njia moja na treni za mizigo. Hili huamua uimara wa bodi, na bodi huamua uzito, bei na hata umeme utakaotumika. Kwa viwango vya Ulaya, bodi ya tramu ya barabarani hutakiwa kuhimili msukumo wa kilonewtoni 200 kutoka mbele, sawa na uzito wa tani 20 hivi. Ya metro (treni ya mjini) ni 800, na ya treni ya abiria inayojitegemea kwenye reli kuu ni 1,500. Tramu ya 200 ikikutana na injini inayovuta mabehewa ya saruji, bodi yake haitamlinda yeyote. Newcastle wenyewe hugawana njia na treni za kawaida kati ya Pelaw na Sunderland tangu 2002, kwa hiyo treni zao ni nyepesi kwa jina, lakini zinafuata masharti ambayo tramu haifuati. Kwa reli ya Lanet hadi Njoro, ambako mizigo inapita, mimi ningeagiza treni ya aina ya metro, na ningetenga saa za mizigo usiku. Tramu ningeikubali iwapo tu ingejengewa njia yake.

Kuna jambo lingine ambalo wewe fundi wa umeme utalielewa mara moja. Vifaa vya umeme vya treni kwa kawaida huundwa kwa ajili ya mwinuko usiozidi mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kisumu, kwa mita 1,130 hivi, iko ndani ya mpaka huo. Nakuru, kwa takriban mita 1,850, iko nje. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya tano, hivyo feni ileile huondoa joto kidogo zaidi kwenye mota na kwenye inveta (kifaa kinachobadilisha umeme ili kuendesha mota), na umeme huruka kwa urahisi zaidi kati ya nyaya zilizokaribiana. Mnunuzi asipoandika mwinuko huo kwenye mkataba, mtengenezaji ataleta vifaa vya kawaida na hatakuwa amekosea. Hitilafu haitaonekana siku ya kwanza. Itaonekana mchana wa Februari, treni imejaa, inveta inajizima kwa joto ikiwa inapanda mlima. Kisumu hawana shida hiyo, ila wana maji: kwenye tambarare za Kano lazima itajwe ni kina gani cha maji juu ya reli treni inaruhusiwa kupita, na kwa mwendo gani, kwa sababu treni ya sakafu ya chini hubeba mota na sensa zake karibu sana na ardhi.

Sasa ile miezi 22. Treni ikishushwa huanza majaribio ikiwa imesimama. Kila gurudumu hupimwa uzito peke yake, maana bodi ikilemea upande mmoja gurudumu la upande wa pili linaweza kupanda juu ya reli kwenye kona. Milango hujaribiwa kwa kipande cha kupimia cha milimita 30 kwa 60: mlango ukikibana, lazima ugundue, ufunguke, na treni isiondoke. Usiudharau mtihani huu. Mlango wa treni ya mjini hufunguka na kufungwa mara mamia kwa siku, na ndio husababisha sehemu kubwa ya ucheleweshaji katika miezi ya mwanzo.

Halafu treni hupitishwa njia nzima polepole, mwendo wa mtu anayetembea, ubavuni imebandikwa vipande vya sponji vinavyoonyesha mahali inapogusa. Kwenye kona ncha za behewa hutokeza nje na tumbo huingia ndani, kwa hiyo jukwaa lililofaa treni ya zamani huenda likaikwaruza mpya. Class 555 ina kidaraja kinachochomoza chini ya mlango kuziba pengo, nacho kina vipimo vyake: jukwaa likipinda au likizama, hakifiki au kinagonga ukingo. Stesheni zetu za zamani zina majukwaa mafupi ya chini. Kabla ya kuchagua treni mtu atembee na futi kamba kituo kwa kituo, apime kimo cha jukwaa kutoka juu ya reli na umbali wake kutoka katikati ya njia. Bila vipimo hivyo huwezi hata kujua kama unataka sakafu ya sentimita 35 au ya mita moja.

Breki ndizo hula muda, na zinastahili. Treni hujaribiwa tupu, kisha imejaa. Class 555 hubeba takriban watu 600. Ukimhesabu kila mtu kilo 70 hiyo ni tani 42, yaani magunia 840 ya mchanga ya kilo 50. Yapakiwe, majaribio yafanyike, yapakuliwe. Kwenye reli kavu, treni inayokwenda kilomita 50 kwa saa na kupunguza mwendo kwa mita 1.2 kwa sekunde kila sekunde husimama baada ya mita 80 hivi. Sasa nyunyiza. Manyunyu yale ya kwanza baada ya kiangazi ni mabaya kuliko mvua kubwa, kwa sababu huchanganya vumbi, mafuta na matope yaliyoachwa na matrekta na bodaboda kwenye makutano, yakawa utelezi, ilhali mvua kubwa huyaosha. Mshiko wa gurudumu na reli, ambao pakavu huzidi asilimia 25 ya uzito, unaweza kushuka hadi 5. Hapo treni ileile, hata magurudumu yote yakifunga breki, huhitaji karibu mita 197. Iweke kwenye mteremko wa asilimia 2, na umbali unafika mita 328, zaidi ya mara nne ya ule wa kwanza.

Ndiyo sababu kuna mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga, na mabomba ya kumwaga mchanga mbele ya magurudumu ili kuongeza mshiko. Mchanga lazima uwe mkavu na uliochekechwa. Ukiwa na unyevu huganda kwenye bomba, na fundi hugundua siku dereva alipouhitaji. Ukimwagwa mwingi kupita kiasi, hutenganisha gurudumu na reli kiumeme, na mfumo wa ishara unaotumia mkondo kwenye reli hauoni kwamba kuna treni pale. Yote mawili hupimwa njiani, kwa uzito kamili, reli ikiwa imelowanishwa makusudi. Hakuna njia ya mkato ninayoifahamu.

Inveta nayo huchunguzwa. Hutoa kelele ya umeme, na masafa yake yakilingana na yale ya ishara, taa inaweza kuonyesha kijani mahali palipo na treni. Jaribio jingine ni la treni iliyokufa: je, mwenzake anaweza kuisukuma ikiwa imejaa abiria hadi juu ya mlima mkali kuliko yote njiani? Halafu treni hukimbizwa kilomita nyingi bila abiria ili hitilafu za utotoni zijitokeze, na madereva hufundishwa zamu kwa zamu huku treni za zamani zikiendelea kubeba watu. Newcastle ilikuwa na treni zilizoanza kazi 1980, na njia ilikuwa na shughuli mchana kutwa, kwa hiyo majaribio mengi ya namna hii hubaki ya usiku. Nakuru isingekuwa na kikwazo hicho, lakini ratiba ya mizigo ingeleta kikwazo chake. Mwanasiasa akiahidi abiria watapanda miezi mitatu baada ya meli kutia nanga, muulize ni jaribio gani kati ya haya litakaloachwa.

Kabla ya kufika kwenye idadi, tahadhari kuhusu umeme. Matangazo ya treni mpya hutaja kwamba breki zake hurudisha umeme kwenye nyaya. Ni kweli, ila umeme huo unahitaji mlaji: treni nyingine inayoondoka karibu, wakati uleule. Newcastle yenye treni nyingi hupata mlaji kwa urahisi zaidi. Njia yenye treni chache mara nyingi haimpati, na umeme unachomwa kuwa joto kwenye rezista. Usikubali asilimia ya akiba iliyopimwa kwenye mji mwingine. Dai ihesabiwe kwa ratiba yako, au uulizie betri ndani ya treni.

Sasa idadi. Chukua mfano wa njia ya kilomita 20, wastani wa kilomita 25 kwa saa pamoja na kusimama vituoni. Kwenda ni dakika 48, kurudi 48, na kugeuza dakika 6 kila mwisho: mzunguko mmoja ni dakika 108. Ukitaka treni kila dakika 12, gawanya: treni 9 njiani. Ongeza moja iliyo karakanani na moja ya akiba, zinakuwa 11. Ukishapima njia halisi, badilisha hiyo 20.

Hesabu hiyo ina mtego, nao ni kwamba reli ya zamani ni ya njia moja. Treni zikija kila dakika 12 kutoka pande zote mbili, treni yoyote itakutana na mwenzake kila baada ya dakika 6, yaani kila kilomita 2.5. Kwa kilomita 20 hizo, pasipo kuhesabu ncha mbili, unahitaji sehemu 7 za kupishana, na moja ikichelewa zote zinachelewa. Ukikubali treni kila dakika 24, sehemu za kupishana zinakuwa kila kilomita 5, na treni njiani zinapungua hadi 5. Kuanzia hapo kungekuwa busara: kwanza njia za kupishana na ishara, kisha treni nyingine.

Mwisho ni vipuri. Addis Ababa ilifungua reli yake nyepesi 2015 ikiwa na treni 41, na baadaye nyingi zikasimama kwa kukosa vipuri. Kinachosimamisha treni mara nyingi ni kitu kidogo: kadi ya elektroniki inayoendesha mlango, sensa ya mwendo, raba ya springi ya bogi. Kisha magurudumu. Yakiteleza hulika yakapata sehemu bapa, na bila mashine ya kuyachonga yakiwa chini ya treni inabidi behewa liinuliwe na bogi itolewe, kazi ya siku kadhaa badala ya saa chache. Mashine hiyo inunuliwe pamoja na treni ya kwanza. Mkataba utaje pia bei za vipuri kwa miaka kumi angalau, michoro ya sehemu zinazoweza kutengenezwa hapa nchini, na programu ya uchunguzi pamoja na nywila zake mikononi mwa mafundi wa karakana. Bila nywila hizo, kubadilisha kadi ya mlango Nakuru kutasubiri mtu apande ndege.