Anza na Ndoo ya Maganda, Mapipa ya Rangi Yatasubiri

Wiki hii nimepata ujumbe kutoka kwa dada mmoja ambaye husoma ninayoandika. Alinunua mapipa matatu ya rangi tofauti, akayabandika karatasi za maelezo, akawaelekeza watoto lipi ni la nini. Mwezi haukuisha, mapipa yote matatu yakawa na uchafu wa aina moja. Gari la taka lilipokuja, wazoaji waliyamimina yote pamoja huku akitazama. Mumewe akamwambia aache kujisumbua. Anauliza: "Nianzie wapi tena, au niache?"

Usiache, dada yangu. Ila safari hii anzia kwingine. Yaweke kando hayo mapipa, utafute ndoo moja yenye mfuniko, uiweke jikoni, na humo watu watie kitu kimoja tu: kinachooza. Maganda, majani ya chai, mabaki ya sahani yasiyo na nyama, samaki wala mafuta, mboga iliyonyauka. Karatasi, chupa na makopo yaendelee kutupwa mnavyotupa siku zote. Wiki za mwanzo usimdai mtu yeyote nyumbani jambo jingine zaidi ya hilo.

Nasema hivi kwa kujiamini kwa sababu ndivyo nyumba yangu ilivyobadilika. Limwage pipa lolote la nyumbani juu ya turubai uangalie. Karatasi iliyokuwa nzuri imelowa. Chupa imepakaa mafuta. Boksi limekuwa uji. Aliyeyaharibu yote ni mmoja, majimaji ya chakula. Chupa ya plastiki peke yake hainuki, kioo hakiiti nzi, kopo lililosuuzwa linaweza kukaa kwenye kona ya stoo mwaka mzima lisimsumbue mtu. Ukitoa kinachooza, kinachobaki ni kikavu, na kitu kikavu kinaweza kusubiri. Hapo ndipo mapipa ya rangi yanapoanza kuwa na maana, kwa sababu mtoto akikosea akatia kopo kwenye karatasi, hakuna kilichoharibika. Unalitoa tu kwa mkono.

Na si jambo dogo kwa wingi wake. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba asilimia 44 ya taka za majumbani na mijini duniani kote ni mabaki ya chakula na majani. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilieleza kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 yake ilitoka majumbani. Si hotelini, si madukani. Kwetu sisi tunaopika na kupakua. Chakula hicho kikifika dampo hufukiwa chini ya taka nyingine, hewa haipenyi, kikaoza kwa njia inayotoa gesi ya methani. Gesi hiyo hulipasha joto anga takribani mara 28 kuliko hewa ya ukaa ya uzito huohuo, ukipima kwa miaka 100. Maganda yaleyale yakioza kwenye hewa hutoa methani kidogo mno na kukuachia mboji.

Sasa niwaeleze yaliyonipata, maana wengi mnaniona leo na mimea yangu mkadhani nilipewa bahati.

Nilipoanza kukusanya maganda nilikuwa peke yangu kabisa. Nilikuwa na pipa kuukuu la plastiki lililotobolewa matundu ubavuni na chini, nimeliinua juu ya matofali uani. Ndugu walikuja siku moja kwa shughuli ya kifamilia, na wifi yangu, mbele ya wageni, akasema kwa sauti kwamba kaka yake ameoa mwanamke anayefuga uozo. Watu walicheka. Nilicheka nao, kisha nikaingia jikoni nikabaki huko mpaka chakula kilipopakuliwa. Wifi alikwisha sahau. Mimi sijasahau, na sioni aibu kusema kwamba kila ninapochekecha mboji, sauti yake hunijia. Ilinipa ukaidi niliouhitaji. Nilijiambia pipa hili halitanuka, hata nyumba nzima ikinuka.

Na halikunuka, kwa sababu mboji ina kanuni, na kanuni yenyewe ni nyepesi. Vijidudu vinavyoozesha vinahitaji vitu vinne: kitu kibichi, kitu kikavu, maji na hewa. Kibichi ndiyo maganda na mabaki, yenye nitrojeni nyingi. Kikavu ni majani makavu, maranda ya mbao, boksi lililochanwachanwa, trei za mayai za karatasi, vyote vyenye kaboni nyingi. Wataalamu wa kilimo husema uwiano mzuri ni sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa moja ya nitrojeni, lakini huhitaji mizani. Kwa macho, kila ukimwaga ndoo moja ya maganda, funika kwa ndoo mbili au tatu za kikavu. Unyevu uwe kama wa kitambaa ulichokikamua: ukishika unahisi maji, lakini hayadondoki. Kila baada ya siku kadhaa geuza kwa fimbo au uma wa bustani ili hewa iingie.

Pua yako itakwambia yaliyobaki. Harufu kali ya kupanda puani, ile ya amonia, maana yake kibichi kimezidi. Harufu ya kuoza, ya yai bovu, maana yake maji yamezidi na hewa haipiti. Dawa ya zote mbili ni ileile: ongeza kikavu, geuza. Kama lundo limekaa tu, halipungui wala halina joto, limekauka au limekosa kibichi. Nzi wakizidi, umeacha maganda juu bila kuyafunika. Nimeulizwa mambo haya mara nyingi, na jibu langu karibu siku zote ni hilohilo, ongeza kikavu.

Kuna vitu situmbukizi: nyama, mifupa, samaki, mafuta ya kupikia, kinyesi cha mbwa au paka. Lundo kubwa la kitaalamu hupanda joto mpaka nyuzi 55 na zaidi, na likikaa kwenye joto hilo siku za kutosha, vimelea vya magonjwa hufa. Pipa dogo la uani mara nyingi halifiki huko. Mafuta yaliyokwisha tumika usiyamwage kwenye sinki pia, huganda ndani ya bomba. Yaache yapoe, yamimine kwenye chupa uifunge.

Anayeishi ghorofani asiye na ua asijitoe. Ndoo mbili zinatosha, moja ikijazwa huku nyingine ikiiva, na mfuko wa maranda kando. Kama huna hata pa kuweka ndoo, mtafute mtu mwenye bustani au mifugo karibu nawe, umpelekee maganda. Mimi mwenyewe napokea ya majirani sasa. Walewale waliokuwa wakipita wakifunika pua kabla hata hawajasikia harufu, leo wananiomba mboji kwa ajili ya vyungu vyao vya maua, nami nawapa, nikiwaambia kila mmoja arudi na maganda. Wengine wamerudi.

Wakati huo kampuni iliyokuwa ikizoa taka zetu ilikuwa inachanganya kila kitu, kama ilivyomtokea dada aliyeniandikia. Iliniuma. Lakini nikaona jambo moja. Kinachochanganywa ni kile nilichokipeleka barabarani, na maganda yangu yalikuwa hayafiki barabarani. Huo ndio uzuri wake: hakuna kampuni, ofisi wala dereva anayeweza kukuharibia mboji. Wenyeji wa Kamikatsu, mji mdogo wa Japani uliotangaza mwaka 2003 kwamba unataka kumaliza taka kabisa, hutenganisha vitu vyao katika makundi zaidi ya 40 na kuvipeleka kituoni wenyewe. Watu huvutiwa na idadi hiyo. Mimi ninachokitazama ni kwamba taka za jikoni hazimo katika safari hiyo, kwa sababu huozeshwa nyumbani. Hata wao walianzia jikoni.

Baada ya hapo ndipo taka kavu. Hapa nitakwenda haraka, maana ukishatoa kibichi kazi imekuwa nyepesi.

Kabla hujatenga chochote, muulize mnunuzi wa chakavu au kituo cha karibu nawe wanapokea nini. Kutenga kitu kisicho na mpokeaji ni kujaza stoo. Makopo kwa kawaida yana mpokeaji: aluminiamu ikiyeyushwa upya hutumia takribani asilimia 5 tu ya nishati ya kuitengeneza kutoka kwenye madini yake. Sumaku itakuonyesha tofauti, hunasa kopo la chuma, haishiki la aluminiamu. Chupa za kioo huyeyushwa na kufanywa chupa tena na tena bila kupoteza ubora, lakini usichanganye na bilauri, vioo vya dirisha au bakuli za ovenini, kwa sababu huyeyuka kwa joto tofauti. Karatasi hurejelezwa mara tano hadi saba hivi kabla nyuzi zake hazijawa fupi mno. Iliyopakaa mafuta haifai huko. Ichane uitie kwenye mboji kidogo kidogo. Risiti za dukani zile laini zinazong'aa zina kemikali, usizipeleke kwenye karatasi wala kwenye mboji.

Plastiki ndiyo inayowadanganya watu. Ile pembetatu yenye namba chini ya chombo wengi huisoma kama ahadi kwamba kitarejelezwa. Siyo. Namba hizo, 1 hadi 7, zilianzishwa na chama cha wenye viwanda vya plastiki Marekani mwaka 1988 kutaja aina ya plastiki, basi. Namba 1, chupa nyingi za maji na soda, na namba 2, madumu na chupa za sabuni, ndizo zenye soko mahali pengi. Nyingine nyingi huishia shimoni hata ukizisuuza vipi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba katika taka zote za plastiki ambazo dunia ilikuwa imezizalisha hadi mwaka 2015, asilimia 9 tu ndizo zilizorejelezwa. Asilimia 79 zilikuwa madampo au zimezagaa.

Ndiyo maana naudhika ninapoona mtu anajisifu kwa kurejeleza huku kila siku anarudi nyumbani na mifuko mipya. Punguza, tumia tena, rejeleza: mpangilio huo haukuwekwa kwa ajili ya kupendeza. Kurejeleza ni la tatu. Beba kikapu chako. Beba chupa yako ya maji. Nunua kwa wingi kitu ambacho hakiharibiki ili vifungashio viwe vichache. Jikoni, cha zamani kikae mbele na kipya nyuma, na kabla hujaenda sokoni fungua jokofu na kabati uone kilichopo. Pika kiasi kinacholika. Mama mwenzangu, tunajua kabisa ni sahani zipi hurudi na chakula na ni siku zipi sufuria hubaki nusu. Tunajua, na tunaendelea kupika kipimo kilekile kwa kuogopa kuonekana wachoyo. Mwache mtu aombe kuongezewa. Hakuna heshima katika chakula kinachokwenda jalalani.

Na ninyi akina baba mnaosema taka ni kazi ya serikali, serikali haili chakula chenu. Serikali ina kazi yake na tuidai, magari na vituo tuvidai, lakini maganda yako ulimenyea jikoni kwako. Usimwache mkeo akiwa peke yake na hiyo ndoo. Mtoto akimwona baba anabeba maganda kwenda uani, hutahitaji kubandika karatasi kwenye mapipa.

Jambo jingine nalikataza kwa nguvu zote ni kuchoma plastiki uani. Ile ya PVC, ya mabomba na waya, hutoa dioksini ikichomwa, sumu ambayo hukaa mwilini miaka na huhusishwa na saratani. Moshi huo huanza kuwafikia watoto wako kabla haujamfikia jirani.

Dada aliyeniandikia aliuliza pia kuhusu betri na nepi. Nepi za kutupa ni ngumu, sitamdanganya: hazirejelezwi mahali pengi na hazifai kwenye mboji ya nyumbani. Nilitumia za kitambaa mchana na za kutupa usiku na safarini, na hata hivyo tu mzigo ulipungua sana. Betri usizitie kwenye pipa lolote. Za simu na kompyuta, zenye lithiamu, zikibanwa ndani ya gari la taka zinaweza kulipuka moto. Zibandike utepe kwenye ncha, uziweke kwenye kopo kavu mbali na jua, na ukifika kwa fundi wa vifaa vya umeme au duka linalopokea vifaa vibovu, uwakabidhi. Iliyovimba isikae ndani ya nyumba hata usiku mmoja. Iweke nje kwenye mchanga mkavu, mbali na watoto, uipeleke kesho yake.