Likizo Maktabani: Omba Rafu, Usiombe "Kusaidia"

Mama mmoja wa Tanga ameniandikia. Binti yake amemaliza Kidato cha Nne, anashinda na simu tangu alfajiri. Je, maktaba ya mkoa itampokea akajitolee, na akipokewa atafanya nini huko? Swali la kwanza ni jepesi: akienda kwa utaratibu, mara nyingi hupokewa. Hilo la pili ndilo linalowaangusha vijana.

Wengi hufika wakasema "nimekuja kusaidia". Mkutubi ana wasomaji mbele yake na ripoti mezani. Akikosa la kumpa mgeni, humkalisha mlangoni alinde mikoba. Wiki ya pili kijana haonekani. Kwa hiyo barua itaje kazi yenye mipaka: "Naomba kupanga na kukagua rafu za 500 hadi 599, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana, kwa wiki sita." Hayo ni masaa 54, na mkutubi anajua kabisa anachokubali. Ambatisha barua ya serikali ya mtaa, nakala ya cheti cha kuzaliwa na, kama hujafikisha miaka 18, barua fupi ya mzazi yenye sahihi na namba yake ya simu. Ipeleke mwenyewe. Barua iliyotumwa na mjomba hukaa chini ya nyingine.

Kwa nini 500, yaani rafu za sayansi na hisabati? Kwa sababu wanafunzi ndio wateja wakubwa wa maktaba zetu, na huko ndiko wanakochimba: hisabati 510, fizikia 530, kemia 540, biolojia 570. Ndizo rafu zinazovurugika kabla ya saa sita.

Sasa namba zenyewe. Mfumo ni wa Dewey, unaopa kila somo namba yake, wa tangu 1876, na mtego wake ni nukta. Hata kijana mwenye A ya hesabu hukosea hapa: anaona 530.12 na 530.2, anasema 12 ni kubwa kuliko 2, anaweka 530.12 nyuma. Siyo. Baada ya nukta linganisha tarakimu moja moja kutoka kushoto, kwa hiyo mpangilio ni 530, 530.1, 530.12, 530.2. Ukibabaika, jazia sifuri kichwani: .12 na .20. Hapo hata mdogo wako ataona.

Mtego wa pili uko kwenye Kiswahili. Lugha yenyewe, yaani sarufi na isimu, ni 496.392, fasihi yake ni 896.392. Macho yakishazoea huo mkia wa 392 husahau tarakimu ya kwanza, na riwaya inaishia katikati ya vitabu vya ngeli. Vitabu vyenye namba moja hufuata herufi tatu za jina la mwandishi zilizo chini ya namba: MUH kabla ya MUS. Fuata lebo ya mgongoni, usifuate jalada. Majina yetu yana mjadala, lipi la ukoo na lipi la baba, na aliyeandika lebo alishaamua.

Ukikagua, anzia juu kushoto, soma lebo tu. Ukianza kusoma vichwa vya vitabu utajikuta umekaa sakafuni na kimoja mkononi. Dakika 30 au 40 zatosha kwa mkupuo mmoja. Zaidi ya hapo macho hupita juu ya kosa bila kuliona. Kilichopotea njia kiweke kwenye kitoroli, virudishe vyote mwishoni. Na usiharakishe, kwa sababu kitabu kilichowekwa rafu isiyo yake ni sawa na kilichoibwa, ila daftari linaendelea kusema kipo. Wanaoiita kazi hii "kupanga panga tu" hawajawahi kumwona mtahiniwa akiondoka mikono mitupu na kitabu chake kiko rafu ya pili.

Usibane. Acha nafasi ya kiganja kimoja mwisho wa kila rafu. Kitabu kilichobanwa msomaji hukivuta kwa ncha ya juu ya mgongo, na hapo ndipo mgongo unapochanika. Vya jirani visukume ndani kidogo, kisha shika unachotaka katikati ya mgongo, kitoke.

Kuhusu ukarabati nina neno moja: selotepu iache nyumbani. Gundi yake hugeuka manjano, hupenya kwenye karatasi, na ukurasa huchanika upya pembeni mwa utepe. Jalada lililolegea kwenye maungio, kama mkutubi ameruhusu, linatengenezeka kwa gundi nyeupe ya maji na sindano ndefu ya kufumia. Chovya sindano, iingize kwenye uwazi kati ya mgongo na kurasa, izungushe ili ipake pande zote, itoe. Futa iliyozidi. Weka karatasi ya nailoni kati ya jalada na ukurasa wa kwanza, funga kitabu, kilaze chini ya vitabu vizito mpaka kesho. Kosa la kawaida ni gundi nyingi: kitabu hushikana chote, na aliyetaka kukiponya amekizika. Chenye ukungu, ambao pwani hauishi, usikifute kikiwa kibichi, utaupaka tu. Kitenganishe na vingine, kikauke kivulini penye upepo. Jua kali hupinda jalada.

Kama kuna saa ya hadithi za watoto, chukua vitabu viwili vifupi, visome kwa sauti nyumbani kwanza, na usizidishe nusu saa. Kitabu kishike ubavuni, picha ziwatazame wao. Usibaki na mtoto peke yako chumbani, usimpeleke chooni mtoto wa mtu, usiwapige picha. Haya hayana mjadala. Na anachoazima msomaji ni siri yake, hata akiwa jirani yenu.

Kila siku jaza daftari la mahudhurio: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, rafu ulizofanya. Siku ya mwisho mkabidhi mkutubi orodha ya lebo zilizobanduka na namba ulizozitafuta ukazikosa. Barua ya kuthibitisha masaa yako iombe wiki moja kabla, ukiwa umeshayajumlisha mwenyewe, maana mwenye mhuri huwa safarini siku hiyohiyo unayoaga.