Anza na banda, matembezi yatafuata: kutunza mbwa wa watu wa kazini Kampala

Wengi wanaonitafuta wakitaka kuanza biashara ya kutembeza mbwa Kampala wana picha moja kichwani: kijana mwenye raba, kamba tatu mkononi, mbwa wamemtangulia barabara za Kololo, na mwisho wa mwezi pesa zinaingia kwenye simu. Kazi hiyo ipo, naifanya. Ila ukianzia hapo utalala njaa, kwa sababu wenye mbwa wengi wa mji huu hawajawahi kuwaza kwamba mbwa anahitaji kutembezwa.

Mbwa wa hapa ni mlinzi. Mchana hufungiwa bandani, giza likiingia saa moja anafunguliwa azunguke ua mpaka alfajiri. Mwenye nyumba anayekaa Najjera au Kira na kufanya kazi mjini anaondoka saa kumi na moja na nusu asubuhi kuwahi kabla jam ya magari haijafunga, na anarudi watoto wamelala. Mwambie akulipe umtembezee mbwa, atacheka na kukuuliza: "Akichoka mchana, usiku atalinda nani?" Lakini muulize huyo huyo nani anaosha banda, chanjo ya mwisho ilikuwa lini, na kama mbwa amekula leo. Atakuna kichwa. Uza hapo.

Mimi huwashauri waanze na huduma ya nyumbani, mara mbili au tatu kwa wiki. Unafika, unaosha banda, unabadilisha maji, unapiga brashi manyoya, unakagua kupe, kisha unamfunga mbwa kamba na kumzungusha ndani ya ua. Mwenye nyumba unamtumia picha mbili za WhatsApp na mstari mmoja: amekula, choo kizuri, kupe wawili sikio la kushoto. Mtu aliye ofisini Nakasero hahitaji zaidi ya hapo. Baada ya muda yeye mwenyewe ataona mbwa ameacha kutafuna geti na kubwekea kila jani, na habari ya kutoka nje ya ua ataianzisha yeye.

Chakula kichunguze mapema kwa sababu kina mambo. Nyumba nyingi hupika posho (ugali wa mahindi) na mukene (dagaa), na si chakula kibaya mukene ukiwa wa kutosha. Shida ni posho tupu siku tano mfululizo, au sufuria ya juzi iliyoganda mpaka ikapasuka kama udongo wa kiangazi, juu yake wamemwaga mchuzi uliobaki mezani. Mchuzi una vitunguu, na vitunguu huharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo huvunjika vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo. Chokoleti ya watoto, vivyo hivyo, ni sumu kwake. Haya yaseme taratibu, maana aliyemwaga mchuzi ule alidhani anamfanyia mbwa hisani.

Na aliyeumwaga ni dada wa kazi, au askari wa geti. Hawa wawili ndio wenye biashara yako kuliko bosi anayelipa. Askari anaweza kukuweka nje ya geti nusu saa jua likiwaka na asiwe na kosa lolote. Mara nyingi yeye ndiye aliyekuwa akipewa vijisenti vya kumlisha mbwa, kwa hiyo akikuona na ndoo yako anaona mtu aliyekuja kumnyang'anya. Msalimie kwanza, "Afande, habari ya kazi?", uliza usiku mbwa alikuwaje, kisha nyamaza usikilize. Anajua mengi: mbwa alitapika saa ngapi, mguu upi anauchechemea, nani hupita nyuma ya ukuta kumtupia mawe. Kiswahili kimenifungulia mageti mengi, kwani askari wengi hapa wanakizungumza hata kama si wa kabila moja na mwenye nyumba. Mwambie bosi mbele yake kwamba usiku wa mbwa uko mikononi mwa afande, nawe ni wa mchana. Vile vijisenti vyake usiviguse.

Dada wa kazi akiwa Mwislamu, usimlazimishe kugusa bakuli. Mimi nimekulia nyumba ya Kiislamu Bombo, najua uzito wake: kwa mafundisho tuliyolelewa nayo, chombo alichokiramba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mama alipopata habari za kazi yangu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na swala?" Mbwa wa ulinzi ameruhusiwa kufugwa, hilo wanazuoni wengi wanalikubali, kilichobaki ni usafi. Kwa hiyo nina overoli na gambuti za kazi tu, hazivuki kizingiti cha nyumba yangu, na vyombo vya mbwa vina sehemu yake na sponji yake. Ajabu ni kwamba utaratibu huo umenipatia wateja Waislamu ambao miaka yote walikuwa na mbwa wa ulinzi bila kujua nani amshike. Ukitembeza mbwa karibu na msikiti wakati watu wanaenda kuswali, vuka upande wa pili. Ni adabu tu.

Sasa magonjwa, na hapa sitafupisha.

Usimguse mbwa asiye na kadi ya chanjo. Omba kadi, soma tarehe, piga picha. Kichaa cha mbwa kipo Uganda, na dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Wewe mwenyewe, kabla hujanunua hata kamba, nenda hospitali uulize chanjo ya kinga; Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa watu ambao kazi yao ni kushika wanyama. Ukiumwa na mbwa au ukakwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kwa saa, halafu nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo hata kama ulishachanjwa, hata kama bosi anaapa mbwa wake ni mzima. Mbwa mwenyewe afungiwe na kuangaliwa siku 10. Pilipili, mafuta ya taa na dawa za bibi zisikaribie jeraha.

Kwa watoto wa mbwa adui ni parvo: kutapika, kuhara damu yenye harufu ambayo ukishaikuta mara moja hutaisahau, na mnyama anaisha ndani ya siku chache. Virusi vyake hukaa kwenye udongo miezi mingi, na wewe unaweza kuvibeba kwa viatu kutoka Ntinda hadi Bugolobi. Sabuni ya kawaida haiviui. Tumia Jik (dawa ya klorini ya kufulia) iliyochanganywa na maji, na uiache ikae sakafuni kidogo kabla ya kusuuza. Mtoto wa mbwa huchanjwa kuanzia wiki 6 hadi 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16. Kabla hajamaliza, hatoki nje ya geti, na mimi siku ya zamu yake humwendea wa kwanza kabla sijaingia kwa mbwa mwingine.

Kupe watafute kati ya vidole, ndani ya masikio na chini ya mkia. Mbwa aliyekuwa mchangamfu akilala, fizi zikapauka, akaacha chakula, usimpe panadol ya watu. Mpigie daktari wa mifugo, kwani homa za kupe huua na zikiwahiwa zinatibika. Halafu kuna inzi wa maembe. Hutaga kwenye mchanga na vitambaa vyenye unyevu, hasa panaponuka mkojo, na funza wake huingia kwenye ngozi. Utaona vijipu tumboni mwa mbwa, na ukitazama kwa karibu kila kimoja kina tundu dogo juu. Hicho ni kipumulio. Paka vaselini nzito, subiri, funza akikosa hewa anasogea juu, unamminya kwa vidole viwili vyenye glavu, taratibu asikatikie ndani. Kisha rudi kwenye chanzo: banda likauke, blanketi lianikwe juani na kupigwa pasi kama tunavyopiga nguo zetu.

Tafuta daktari wa mifugo mmoja unayemwamini kabla ya kutafuta mteja. Wengi wa hapa wamesomea Makerere, na mwenye kliniki karibu na mitaa unayofanyia kazi ni bora kuliko maarufu aliye upande wa pili wa mji, kwa sababu ya jam. Jitolee kwake siku chache, ushike mbwa wakati yeye anadunga. Utajifunza kumshika mnyama anayeogopa, na wateja wako wa kwanza watatoka kwenye benchi lake la kungojea.

Siku mteja akikubali umtoe mbwa nje, usikimbilie. Kuna German Shepherd mmoja Naguru, Simba, alikuwa amekaa ndani ya ua tangu aletwe akiwa mdogo. Ukubwa wote ule, boda ya kwanza ilipopita alilala chini tumbo likagusa lami, mkojo unamtiririka. Mbwa wa namna hii mwanzishe ndani ya ua na kamba, kisha geti likiwa wazi mkae tu mkitazama barabara, kisha hadi nguzo ya umeme na kurudi. Ukimvuta kwa nguvu atakuuma, na atakuwa na haki. Tumia mkanda wa kifuani badala ya wa shingoni peke yake, maana mbwa mwenye hofu hurudi nyuma na kichwa kinachomoka.

Toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa mbili, au jioni baada ya saa kumi na moja. Katikati ya mchana lami inachoma. Weka mgongo wa mkono wako juu yake, ukishindwa kuvumilia sekunde chache basi nyayo zake nazo hazitavumilia. Chagua njia za ndani zisizo na majalala, kwa sababu kwenye majalala kuna mbwa wa mitaani, mifupa, na wakati mwingine chakula chenye sumu. Na mbwa wa nyumba tofauti usiwatembeze pamoja eti uokoe muda. Barabara zetu nyingi hazina njia ya waenda kwa miguu. Ukiwa na mbwa watatu na boda inakuja, mkono mmoja hautoshi.

Kuhusu bei, kosa la wengi ni kuangalia jirani anatoza nini. Piga hesabu ya njia kwanza. Tuseme boda kwenda na kurudi ni shilingi 8,000 na wewe unatoza 15,000 kwa ziara ya saa moja. Ukitoa sabuni, glavu na bando, umebaki na kitu kidogo kuliko unavyodhani, na mvua za Aprili hazijaanza. Wateja watatu mtaa mmoja, unaowafikia kwa miguu, wanashinda wateja sita waliotawanyika kutoka Muyenga hadi Kisaasi. Nafuu kukataa mteja wa mbali. Malipo yaje mwanzoni mwa mwezi kwa mobile money, pamoja na ya kutolea, na uyaseme hayo siku ya kwanza ili usiwe mtu wa kukumbusha kila tarehe 30.

Makaratasi hayana ugumu: jina la biashara unasajili URSB, ofisi ya usajili, namba ya mlipakodi unaipata URA, mamlaka ya mapato, leseni ya biashara ni ya KCCA, mamlaka ya jiji, ukiwa ndani ya Kampala, au manispaa yako ukiwa nje. Ukiwa nayo, hata mashirika na watu wa ubalozi wanaohitaji risiti watakuchukua. Barua ya mwenyekiti wa LC1 (serikali ya mtaa) wa unapoishi nayo iweke kwenye faili. Mtu anayekupa ufunguo wa nyumba yake anataka kujua utapatikana wapi.

Mbwa wengine usiwachukue. Anayetaka umfundishe mbwa kuwa mkali kwa kumpiga na kumnyima chakula, mwambie hapana. Anayesema chanjo ni uongo wa madaktari, hapana. Na mbwa aliyewahi kuuma watu mkubali tu ikiwa bosi atakuwepo ziara za mwanzo na mbwa atavishwa kifunga mdomo.

Msimu wako mkubwa ni Desemba. Kuanzia wiki ya Krismasi Kampala inahama kwenda vijijini, kuanzia Mbarara mpaka Arua, na mbwa wanabaki na askari ambaye naye anatamani kwenda kwao. Usiwachukue mbwa wa watu kwako kama huna mabanda yaliyotengana. Parvo au kikohozi kimoja kitakumalizia jina ndani ya wiki. Waendee makwao. Mwisho wa Novemba uwe umeshajua ni nani anasafiri, tarehe gani, na nusu ya pesa umeshapokea. Mwandikiane karatasi moja: nani ana ufunguo, chakula kiko wapi, na mbwa akiugua wewe unaruhusiwa kutumia kiasi gani kwa matibabu bila kupiga simu, kwa sababu tarehe 25 simu ya kijijini haishiki mtandao. Kiasi hicho kiandikwe kwa tarakimu, pamoja na jina la daktari, bosi aweke sahihi kabla hajawasha gari.